Tuko 15 na vituo ni 22: uangalizi wetu utaaminikaje?

*Swali: Sisi ni wananchi 15 wa kata moja, hatuna chama, na tungependa kuangalia uchaguzi ujao wa diwani. Kata yetu ina vituo 22 vya kupigia kura. Uchaguzi uliopita zilipigwa kura kama 9,000, mshindi akamzidi mwenzake kwa kura 31, na mpaka leo nusu ya kata haiamini kwamba hesabu ilikuwa sawa. Mmoja wetu anasema tukiangalia vituo vitano au sita inatosha, kwa kuwa hata mashirika makubwa hutumia sampuli. Mwingine anataka turekodi video ndani ya vituo na kutangaza matokeo kwenye makundi ya simu kabla hayajachezewa. Mwenzetu mmoja ni mpwa wa mgombea, lakini ni mtu mwaminifu. Je, tuna haki ya kuingia vituoni? Na kundi dogo kama letu linaweza kuzuia wizi wa kura, au tutajitafutia matatizo bure?*

Ndugu msomaji, maswali yako ni mengi, lakini naona yote yametoka kwenye hofu moja: kwamba mtashinda vituoni siku nzima na usiku kucha, kisha kazi yenu isiwe na uzito, na watu waseme kuwa nanyi mlikuwa na upande wenu. Hofu hiyo ina msingi, na ni bora kuwa nayo sasa kuliko siku ya matokeo. Jibu langu ni kwamba watu 14, na nitaeleza kwa nini nasema 14 wala si 15, wanaweza kuifanyia kata ya vituo 22 kazi ya kutegemewa kabisa, ikiwa wataliweka kando wazo la kuzuia wizi na kushika kazi nyingine ngumu zaidi, yaani kuandika yaliyotokea kwa usahihi ambao aliyeshinda na aliyeshindwa wote wawili watashindwa kuupinga.

Nianze na haki. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 kinamhakikishia kila raia nafasi ya kushiriki katika mambo ya umma, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa kifungu hicho wa mwaka 1996, ilisema wazi kwamba upigaji kura na uhesabuji unapaswa kuwa chini ya uchunguzi huru. Hata hivyo, mkataba haumfungulii mtu mlango wa kituo. Kinachoufungua ni kibali cha tume ya uchaguzi, na maombi ya kibali huwa na tarehe ya mwisho ambayo mara nyingi hupita wiki nyingi kabla ya siku ya kura, wakati makundi mengi ya wananchi bado yanajadiliana jina la kujiita. Tume nyingine hutoa kibali kwa asasi iliyosajiliwa tu, haitoi kwa mtu mmoja mmoja. Ikiwa hamjasajiliwa, njia ya haraka ni kuomba kufanya kazi chini ya asasi ambayo tayari ina kibali, badala ya kuanza safari ya usajili miezi miwili kabla ya uchaguzi.

Ni muhimu pia mtofautishe mwangalizi na wakala, maana watu huwachanganya hata ndani ya vituo. Wakala yupo kwa niaba ya mgombea au chama. Kwa kawaida sheria humpa haki ya kuweka pingamizi, kuomba kura zihesabiwe upya na kusaini fomu ya matokeo. Mwangalizi hana mgombea, na kwa sababu hiyo hana pingamizi la kuweka: anaona, anauliza kwa adabu pale anaporuhusiwa, anaandika. Hapo ndipo ninapofika kwa mpwa wa mgombea. Sina sababu ya kutilia shaka uaminifu wake, na undugu si kosa. Lakini Tamko la kimataifa la kanuni za uangalizi wa uchaguzi unaofanywa na asasi za raia, lililozinduliwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 2012, limejengwa juu ya sharti la kutoegemea upande wowote, na ripoti yenu itakapotolewa, wapinzani wa mjomba wake hawatasoma ukurasa wa pili wakishaliona jina lake kwenye ule wa kwanza. Mwambieni kwa heshima awe wakala wa mjomba wake, kwani huko uaminifu wake utahitajika vilevile. Waliobaki 14 waandike na kusaini tamko kwamba hawamfanyii kampeni mgombea yeyote, na msipokee nauli, chakula wala fulana kutoka kwa mtu yeyote anayewania kiti hicho.

Sasa wizi. Ni kweli kwamba macho ya watu hupunguza maovu, lakini hayayamalizi; wakati mwingine huyahamisha. Utafiti uliofanywa Ghana wakati wa uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa pale walipokuwapo waangalizi uandikishaji wa kutiliwa shaka ulipungua, ila sehemu yake ilisogea kwenye vituo vya jirani ambavyo havikuwa na waangalizi. Hilo peke yake linatosha kumjibu mwenzenu anayetaka vituo vitano au sita: mnaweza kuvisafisha hivyo sita na kuvichafua vingine 16.

Lakini liko jibu la hesabu pia, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu dhana hii ya sampuli nimeikuta kila mahali. Mashirika makubwa hutumia sampuli katika uchaguzi wa nchi nzima, ambako vituo ni maelfu kwa maelfu. Wanachagua mamia ya vituo kwa bahati nasibu, si kwa hisia, na matokeo yake yanakaribia ukweli kwa tofauti ya asilimia moja au mbili. Hiyo inafaa pale mshindi anapoongoza kwa asilimia kumi. Nyinyi mnazungumzia kura 31 katika 9,000, yaani kama theluthi moja ya asilimia moja, au chini ya kura mbili kwa kila kituo. Hakuna sampuli ya vituo sita duniani inayoweza kuona tofauti ndogo kiasi hicho, na hata ukitaka tu kulipunguza kosa la sampuli kwa nusu itakubidi kuikuza sampuli yenyewe takriban mara nne. Katika uchaguzi wa kata, idadi ndogo ya vituo inayowakatisha tamaa ndiyo neema yenu: 22 ni namba inayoweza kufikiwa yote.

Ningekuwa nanyi, ningewagawa hivi. Watu kumi wakae katika vituo kumi vilivyochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, kuanzia sanduku tupu linapoonyeshwa asubuhi hadi matokeo yanapobandikwa nje. Watu wawili wazunguke usiku huo katika vituo 12 vilivyobaki na kupiga picha fomu za matokeo zilizobandikwa, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zinaagiza nakala ibandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Wawili wa mwisho wakae mahali pa kujumlishia matokeo ya kata. Mpango huu una udhaifu wake: mtu aliyekaa kituoni peke yake tangu alfajiri hukosea anapoandika saa tano usiku, na katika vile vituo 12 mtajua kilichoandikwa kwenye fomu bila kujua kilichotokea mezani. Mkipata watu wengine, wa kwanza wawe wenza wa zamu kwa wale kumi, ndipo muanze kufikiria kuongeza vituo. Na msiviache vituo mnavyovishuku vijichague vyenyewe. Mkienda tu kule mnakotegemea ubaya, hamtakuwa na la kusema juu ya kata nzima, na kila atakayeisoma ripoti yenu atajua mlikuwa na jibu kabla ya swali.

Msiwaondoe wale wawili wa mahali pa kujumlishia kwa sababu yoyote ile. Vituoni kuna mawakala, makarani, wananchi wanaochungulia dirishani. Kura zikishahesabiwa na kubandikwa, ni vigumu kuzibadilisha pale. Safari ya karatasi kutoka kituoni hadi kwenye meza ya majumuisho ndiyo inayobaki gizani. Ufilipino, Februari 1986, zaidi ya mafundi 30 wa kompyuta waliokuwa wakiingiza matokeo ya tume waliacha kazi na kutoka nje ya ukumbi, wakisema takwimu zilizokuwa zikitangazwa hazilingani na zile walizoziingiza. Watu waliweza kulipima dai hilo kwa sababu wananchi wa kujitolea wa shirika la NAMFREL, lililoundwa mwaka 1983, walikuwa wakijumlisha wenyewe matokeo ya kituo baada ya kituo, ingawa hawakuvifikia vituo vyote.

Basi fomu ndiyo moyo wa kazi yenu, na nawaomba mtumie nusu ya muda wa mafunzo kuisoma. Chukua kituo kimoja cha kubuni. Msimamizi alipokea karatasi za kura 600. Jioni zimebaki 183 ambazo hazikutumika, na nne ziliharibiwa na wapiga kura wakazirudisha wakapewa nyingine. Kwa hiyo sandukuni zinatakiwa kuwamo 413. Zinapomwagwa mezani na kuhesabiwa, zinapatikana 412. Msikimbilie kupiga kelele: mpiga kura mmoja anaweza kuwa ameondoka na karatasi yake mfukoni, na upungufu wa moja au mbili ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kuwashtua ni kinyume chake, yaani zikikutwa 431, kwa sababu sanduku haliwezi kuwa na karatasi nyingi kuliko zilizotolewa. Tuendelee: katika zile 412, kura 7 zimekataliwa na 405 ni halali. Wagombea watatu wana 198, 171 na 36. Zijumlishe, utapata 405. Fomu imefunga. (Angalieni kwamba kura iliyoharibika na kurudishwa kabla ya kuingia sandukuni si sawa na kura iliyokataliwa wakati wa kuhesabu. Makarani waliochoka huzichanganya hizi mbili kila uchaguzi, na hapo ndipo hesabu nyingi za watu wasio na hatia zinapokataa kufunga.)

Sasa fuateni fomu hiyo hadi kwenye majumuisho. Karani anasoma, mwenzake anaandika, na ile 171 inaandikwa 117. Jumla ya wagombea sasa ni 351 wakati kura halali bado zinasomeka 405, zimepotea 54. Gawanyeni 54 kwa 9, mtapata 6 bila kubaki kitu. Tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, tofauti yake siku zote hugawanyika kwa 9, na wahasibu wanaijua dalili hii tangu zamani. Haithibitishi lolote peke yake, lakini inawaambia mahali pa kutazama kwanza. Na tazama ukubwa wake: kosa moja la kalamu, katika kituo kimoja kati ya 22, bila hila ya mtu yeyote, limeuzidi ushindi wote wa kura 31. Hii ndiyo sababu nimesema muache kuwaza wizi peke yake. Katika uchaguzi wa karibu namna hiyo uchovu unaweza kumpa kiti mtu asiyestahili sawasawa na uovu, na mwangalizi anayetafuta mwizi tu atalipita kosa hilo bila kuliona.

Kuandika nako kuna namna yake. Katika mafunzo mojawapo niliyoyaendesha, mwangalizi kijana alileta daftari lake la mazoezi likiwa na sentensi moja: "Taa zilizimwa ili waibe." Tukakaa naye, nikamuuliza aliona nini hasa, na sentensi ikawa: "Saa 4:10 usiku taa zilizimika. Zilirudi saa 4:16. Muda wote huo sanduku lilikuwa juu ya meza, wakala wawili wakiwa wamelishika. Namba ya lakiri baada ya taa kurudi ilikuwa ileile niliyoiandika asubuhi." Sentensi ya kwanza isingesimama mbele ya hakimu hata dakika moja, na, baya zaidi, haikuwa kweli. Mfundisheni kila mmoja kuandika saa, alichokiona, nani alikuwapo na namba ya lakiri, na kuacha nia za watu nje ya daftari. Yaliyokwenda vizuri nayo yaandikwe, maana ripoti isiyosifu popote huaminiwa na upande mmoja tu.

Na msisaini msichokiona. Austria, tarehe 1 Julai 2016, Mahakama ya Katiba ilifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais iliyofanyika Mei mwaka huo. Haikukuta ushahidi kwamba kura zilichezewa. Ilichokuta ni bahasha za kura za posta zilizofunguliwa kabla ya wakati au na watu wasiohusika, huku baadhi ya wawakilishi wa vyama waliopaswa kushuhudia wakiwa wamesaini kumbukumbu za shughuli ambazo hawakuwapo. Watu hao hawakuwa wezi. Walikuwa wamezoeana, wakaaminiana, wakasaini, na nchi nzima ikalazimika kurudi vituoni mwezi Desemba.

Hukumu hiyohiyo inamjibu na mwenzenu wa makundi ya simu, kwa sababu jambo jingine ambalo mahakama ililikosoa ni mamlaka za uchaguzi zenyewe kuvitumia vyombo vya habari matokeo ya awali kabla vituo vyote havijafungwa. Matokeo yakivuja watu wakiwa bado kwenye foleni, wengine huondoka na wengine huitwa. Hata baada ya vituo kufungwa, nchi nyingi zimempa tume peke yake mamlaka ya kutangaza mshindi, na kumtangaza wenyewe kunaweza kuwa jinai. Kuchapisha picha ya fomu ambayo tayari imebandikwa hadharani ni jambo tofauti na kutangaza mshindi, lakini mpaka kati ya mawili hayo unatofautiana baina ya sheria na sheria, hivyo muulizeni mwanasheria kabla, msingoje kuulizwa na polisi. Ushauri wangu ni kukusanya picha zote 22, kuzikagua watu wawili wawili, na kuzitoa zikiwa kamili baada ya tume kutangaza, zikiambatana na jedwali la kulinganisha. Jedwali lenye vituo tisa lililotolewa saa mbili usiku linaweza kuonyesha mshindi asiye mshindi, na kata iliyokwisha kupoteza imani haitasubiri vituo 13 vilivyobaki.

Kurekodi video ndani ya kituo nakukataa moja kwa moja. Kura ni ya siri, na mpiga kura anayeona kamera inaelekea kwenye kituturi hana namna ya kujua kwamba nyinyi ni watu wema. Mnunuzi wa kura naye hutaka picha, na kamera zikishazoeleka kituoni, zake hazitaonekana tena. Simu zenu zitoke mfukoni fomu ikishabandikwa nje.

Picha hizo zipigweje? Fomu nzima ionekane, pamoja na jina la kituo, saini na muhuri, kisha picha ya pili ya karibu ya sehemu ya tarakimu. Malawi, Februari 2020, mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa Mei 2019, na miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa mbele yake ni fomu za matokeo zilizobadilishwa, nyingine kwa wino mweupe wa kufutia. Kufutwa na kuandikwa upya huonekana kwenye picha iliyopigwa vizuri, hakuonekani kwenye ile iliyopigwa kwa haraka gizani. Chukueni tochi.

Tuseme basi jedwali lenu na majumuisho ya tume havilingani. Kwanza rudieni hesabu yenu, kwa mkono wa mtu mwingine. Pili, mpelekeeni msimamizi wa uchaguzi barua yenye jina la kituo, tarakimu mbili zinazogongana na picha, mkiomba maelezo bila kutuhumu; makosa mengi husahihishwa hapohapo matokeo yakiwa bado hayajatangazwa, na hii ni sababu nyingine ya kutowaondoa wale wawili wa majumuisho. Tatu, mfahamu kwamba kwa kawaida kesi ya kupinga matokeo hufunguliwa na mgombea au mpiga kura, nanyi mkaitwa kama mashahidi, na kwamba muda wa kuifungua ni mfupi na hauongezwi kirahisi. Kwa hiyo wapeni wagombea wote ushahidi uleule, siku ileile.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Mtafuteni mwanasheria anayezijua kesi za uchaguzi, mkae naye mezani na sheria ya nchi yenu mkononi, kabla ya kuandika kanuni zenu na tena kabla ya kuchapisha jambo lolote linalomgusa mtu kwa jina. Waalikeni waangalizi wazoefu wa asasi ya kitaifa waje kuwafundisha ana kwa ana, kwa masanduku na karatasi za mazoezi, kwa sababu kujaza fomu huku mtu anakupigia kelele hakufundishiki kwenye karatasi. Na mtu yeyote miongoni mwenu akitishwa, hata kwa maneno yanayosemwa kama utani, asibaki kituoni kuonyesha ushujaa. Aondoke, ampigie mratibu wenu, na mratibu atoe taarifa kwa tume na kwa polisi. Ikiwa tishio limetoka kwa hao hao, liende kwa mwanasheria na kwa asasi iliyowapa kibali. Kituo kilichokosa mwangalizi huandikwa hivyo katika ripoti, pamoja na sababu yake.

Kwa wiki hii, kazi ni mbili tu. Mtu mmoja aende ofisi ya tume kuuliza tarehe ya mwisho ya maombi ya vibali na kuomba orodha rasmi ya vituo vyote 22 pamoja na idadi ya wapiga kura walioandikishwa katika kila kimoja. Wawili wengine waende ofisi hiyohiyo kuomba nakala tupu ya fomu ya matokeo, wairudufu mara hamsini, na waanze kuwajazisha wenzao.